Mbuzi wa Sauti ya Pili

Nyumbani,
Jumanne, 4 Machi

Mama watoto,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa kuwa bibi. Mwambie huyo bwana mdogo asijisahau, mwenye mke ni mimi. Yeye nimemwazima tu mpaka binti yetu apate nguvu baada ya uzazi, na mlisema ni mwezi mmoja. Nakuandikia kwa sababu kila nikipiga simu naambiwa hupatikani. Mkwe amenieleza kwamba huko mtandao unashika ukipanda juu ya tangi la maji. Tafadhali usipande.

Sasa kaa chini. Zimefika!

Hedifoni, mke wangu. Nyeusi, pedi zake laini, waya mnene wa kusuka. Hata boksi lake limetengenezwa kwa heshima, nimeliweka juu ya kabati na ole wake atakayetia vitunguu humo. Nilipozivaa dunia ikazimika. Jirani aligonga mlango wee, hadi akaondoka amenuna, mimi nimekaa hatua chache kutoka mlangoni na habari sina.

Nikachomeka kwenye kinasa sauti, nikafungulia wimbo wetu wa mashindano, ule tuliourekodi wiki ile kabla hujasafiri. Jamani! Kumbe miaka yote hii nimekuwa kiziwi. Nasikia karatasi zikigeuzwa. Nasikia yule fundi bomba wa besi akimeza mate kabla ya kuingia. Nasikia kiti kikilia nyuma. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ofisini nao wamenichoka, maana tangu asubuhi siongei habari nyingine, na bili za maji za watu zimelala mezani.

Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Kuanzia ubeti wa tatu, ndani ya kwaya yangu kuna mbuzi. Ni mwanamke, sauti ya pili, ana nguvu, na anashuka. Anashuka kidogo sana, lakini wenzake wanamfuata, na kwaya nzima inatua chini ya mahali tulipoanzia. Kila mwaka majaji wanatuandikia "kwaya inashuka", nami nikiwaita majaji wapuuzi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

Wewe unasimama nao, unawajua kuliko mimi. Unadhani ni nani? Nitamtafuta mpaka nimpate. Mwaka huu kombe linakuja nyumbani.

Mumeo,
Mwalimu


Kwa binti yako,
Jumapili, 9 Machi

Baba watoto,

Tumeipata barua. Binti hajambo, ila anasinzia akiwa amekaa. Mume wangu mpya ananyonya kama aliyetoka jela, na akilia nyumba nzima inasimama. Yeye hahitaji kipaza sauti.

Hongera kwa hedifoni. Nimekuona kabisa, umekaa kwenye kile kiti chako umefumba macho, na sufuria jikoni inaungua. Uwe unazivua ukiwa umebandika kitu, nakuomba. Umekula lakini? Na sikio la kushoto vipi, bado linavuma?

Kuhusu mbuzi wako, mwache. Watu wale wanaimba baada ya kazi, wamechoka, wanakuja kwa sababu wanakupenda na wanapenda kuimba. Ukiwachungulia kooni mmoja mmoja hatabaki mtu. Funika kombe mwanaharamu apite. Mashindano yako mlangoni, huu si wakati wa kuanza kuchambuana.

Na usimtaje mtu mbele ya watu. Hilo nakusihi. Kama ni lazima, ningoje nirudi tuzungumze mimi na wewe, kitandani, kama watu wazima.

Sabuni ya kufulia iko nyuma ya mlango wa stoo, kabla hujaniuliza.

Mkeo


Nyumbani,
Alhamisi, 13 Machi

Mama watoto,

Barua yako imenikuta kazi nimeshaimaliza. Mbuzi nimemkamata.

Najua utasikitika, kwa sababu ni shoga yako, Mama Pacha. Lakini sheria ni msumeno. Nilisikiliza mpaka masikio yakapata moto. Nikajiuliza, nani katika sauti ya pili ana kifua? Mama Pacha. Nani anakuja mazoezini moja kwa moja kutoka zamu ya hospitali, na viatu vya kazi miguuni, anapiga miayo hata kabla hatujaanza? Mama Pacha. Nikafungulia tena huku nimefumba macho, nikamwona yeye kabisa.

Jana nikamwambia. Ndiyo, mbele ya wenzake, ili kila mmoja ajue kwamba safari hii hatutanii. Nikasema, "Mama, wewe ndiye unayetushusha. Pumzika hadi mashindano yapite." Hakujibu. Aliweka daftari lake la nyimbo juu ya kiti, akamtazama kila mtu, akatoka. Mazoezi yaliendelea vizuri, ingawa walikuwa wanaimba kama wanaoogopa kuamsha mtoto.

Habari njema ni kwamba nimeongeza amplifaya. Wajuzi wa mambo haya wanasema hedifoni za aina yangu bila amplifaya unazionea bure, na ni kweli! Sasa besi inanitetemesha mpaka meno. Nimeiweka mezani sebuleni, kwa hiyo chakula nakula jikoni kwa muda.

Usikasirike. Utanishukuru siku ya kombe.

Mumeo,
Mwalimu


Kwa binti yako,
Jumatatu, 17 Machi

Wewe mwanamume,

Mama Pacha! Mama Pacha uliyemwita usiku ulipougua ile homa, akaja na khanga yake begani, akakuhesabia mapigo ya moyo mpaka kukakucha! Huyo ndiye uliyemsimamisha mbele ya watu ukamtia aibu? Nimesoma barua yako nikaona haya mbele ya binti yangu mwenyewe. Nimemwambia baba yako hajambo, nikaenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Haya, sikiliza vizuri, na hizo hedifoni zivue kwanza.

Ni mimi.

Huyo mbuzi wako ni mimi. Mwenye kifua ni mimi. Anayeshuka kuanzia ubeti wa tatu ni mimi, na ninajua kwamba nashuka, sijaanza jana. Nenda kamsikilize tena, ukimaliza nenda kwa Mama Pacha kwa miguu yako, umwombe radhi pale pale ulipomtukana, na wale wale wawepo.

Lakini moja limenichoma. Tumelala chumba kimoja miaka ishirini na tisa. Nimekuimbia ukiwa mgonjwa, nimewaimbia watoto wako wakiwa wagonjwa, nimeimba jikoni kila siku ya Mungu. Umenunua vyombo vya kusikia mpaka mate ya fundi bomba, na sauti ya mkeo hukuitambua?

Mkeo


Nyumbani,
Ijumaa, 21 Machi

Mama watoto,

Barua yako imenishtua, lakini mimi ni mtu wa haki. Nimefungulia tena. Ni kweli, ni wewe. Ukishajua ni rahisi. Ile "r" yako, na namna unavyovuta pumzi kabla ya kiitikio. Sijui ilinipitaje.

Kusema ukweli nimeumia. Mke wa mwalimu ndiye anayeiangusha kwaya ya mwalimu, na anajua, na ananyamaza! Watu wakisikia watanicheka hadi nihame. Halafu nikawaza kwa utulivu, nikaona kwamba hakuna lililoharibika. Bahati nzuri uko mbali. Hakuna haja ya kumwambia yeyote.

Basi ninakuomba hivi. Usirudi mwisho wa mwezi kama tulivyopanga. Kaa huko mpaka mashindano yapite, tarehe 12 Aprili. Ukirudi kabla, watu watakutazamia kwenye safu yako, na nikikuweka kwenye viti vya wasikilizaji wataanza maswali. Ukibaki huko, wewe ni bibi anayelea mjukuu, basi. Baadaye tutaangalia. Pengine ungepumzika tu kuimba, umri nao unakwenda.

Mama Pacha nitamwona mashindano yakishapita. Siwezi kula matapishi yangu mbele ya kwaya sasa hivi, nidhamu itavunjika. Wewe unaelewa mambo ya uongozi.

Jumatano tunarekodi upya, bila wewe na bila yeye. Kwa mara ya kwanza nitaisikia kwaya yangu ikiwa safi. Siwezi hata kulala kwa hamu.

Mumeo,
Mwalimu


Kwa binti yako,
Jumanne, 25 Machi

Baba watoto,

Nimekuelewa. Nitakaa.

Mtoto hajambo.

Mkeo


Nyumbani,
Jumatatu, 31 Machi

Mama watoto,

Barua yako ilikuwa fupi. Nimeigeuza nyuma nikidhani umeendelea.

Mimi ni mzima. Hedifoni zimenitoka rohoni, sijui kwa nini. Zinabana, sikio linatoa jasho, na pedi moja imeanza kubanduka mapema hivi. Nilikuwa nikitoka kazini natembea haraka niwahi kuzivaa. Siku hizi napitia sokoni bila kuwa na cha kununua, nikifika nazitazama kama anayetazamana na mgeni aliyekaa sana. Amplifaya inapata vumbi. Hata nyimbo nilizozipenda tangu ujana nikizifungulia naona ni kelele tu zilizopangwa vizuri.

Acha nikueleze yaliyotokea. Tulirekodi Jumatano. Nikaja mbio nyumbani, nikavaa, nikafumba macho. Ubeti wa kwanza, maji ya kunywa. Wa pili pia. Nikasema nimeshinda. Wa tatu ukaingia, na ndani yake akatokea mwanamume.

Anashuka. Anashuka kuliko ulivyokuwa ukishuka wewe, na safari hii hakuna anayemfuata. Wanawake wamebaki juu, yeye yuko chini peke yake. Anasikika kama mtu aliyepotea njia na anajidai anajua aendako. Nikasema huyu ni fundi bomba. Ijumaa nikamtoa nje tukarekodi. Mwanamume yupo. Nikawatoa wote wa sauti ya tatu na wa besi, nikawaacha wanawake peke yao. Yupo! Nikabadilisha waya. Nikaazima hedifoni za mpwa wangu, zile za rangi ya chungwa anazokwenda nazo shuleni. Yupo na humo.

Yuko karibu sana na kipaza sauti, kuliko mtu yeyote. Sauti yake kama naijua, kama siijui. Kila mtu kwenye kwaya anakwepa macho yangu, na mimi sijawauliza.

Wewe ulikuwa unasimama mwanzo wa safu, hatua mbili kutoka nilipo. Ulikuwa unamsikia nani?

Mumeo


Kwa binti yako,
Ijumaa, 4 Aprili

Baba watoto,

Unajua ni nani. Hukuniuliza kwa kuwa hujui. Umeniuliza ili niseme mimi.

Ni wewe. Ukiongoza huwa unaimba. Mikono ikipanda na mdomo nao unafunguka, na wewe mwenyewe hujijui. Zamani ulikuwa ukiimba vizuri kuliko sisi wote, hapo ndipo ulipozoea. Lakini tangu ile homa, sikio la kushoto halijarudi sawa. Ubeti wa tatu ukifika, ukishachoka, unashuka. Mara ya kwanza nilimwona Mzee Mhazini anakutazama, halafu anamtazama mwenzake. Nikajua wiki ijayo watakaa kikao, na kikao kikikaa wewe si mwalimu tena. Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kusimama bila kushika ukuta. Ofisini walikuwa wameshakuhamishia dirisha la nyuma. Kilichobaki cha kukutoa kitandani kilikuwa kwaya.

Basi niliposikia unashuka, nikashuka nawe. Nikatoa sauti yote niliyo nayo. Wenzangu wa sauti ya pili wakanifuata, kwa kuwa wamezoea kunifuata, na wa kwanza wakatufuata sisi. Kwaya nzima ikishuka pamoja, nani atasema mwalimu ameshuka? Nimefanya hivyo kila Jumatano na kila Jumapili tangu wakati huo. Mimi nilikuwa naimba sawa, Baba watoto. Nilijifunza kuimba vibaya, na si kazi rahisi, jaribu uone.

Mama Pacha alijua. Ndiye pekee. Siku uliyomfukuza angesema neno moja tu, ungeaibika wewe. Akaweka daftari kwenye kiti akatoka. Ulisema hakujibu.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa. Mwalimu wa kwaya akiambiwa hana sikio, kabakiwa na nini? Nikasema bora nionekane mimi ndiye sijui kuimba. Na kweli nikaonekana. Nilipokuandikia "ni mimi", nilikuwa nangoja uniulize kwa nini. Mwanamke aliyeimba sawa ujana wake wote, anashuka ghafla uzeeni, na anajua kwamba anashuka. Hukuuliza kwa nini? Uliniambia "bahati nzuri uko mbali". Nimeisoma hiyo hadi nimeikariri.

Sasa umejua. Nina hasira na wewe, tena hasira nyingi, lakini sijachoka kukuhurumia. Jibu upesi.

Mkeo


Nyumbani,
Jumatatu, 7 Aprili

Mama watoto,

Nimeisoma barua yako. Inawezekana kuna ukweli ndani yake, ingawa nadhani umezidisha chumvi. Sikio nitalipeleka kwa daktari baada ya mashindano.

Hivi sasa lililo mbele yetu ni Jumamosi. Kwaya inakuhitaji. Sauti ya pili imelegea kabisa bila wewe, wanaimba kama wanaosoma tangazo. Mzee Mhazini jana alikaa mazoezini mpaka mwisho, na hajawahi kukaa mpaka mwisho. Njoo kwa basi la Ijumaa asubuhi. Simama pale pale, mwanzo wa safu. Ubeti wa tatu uingie kwa nguvu kama zamani, hata kabla yangu kidogo. Nitakutazama.

Mama Pacha nimemtumia mtu aje. Amejibu kwamba yuko zamu.

Hedifoni nimempa mpwa wangu. Ametia betri kwenye redio ya zamani, anasikiliza mpira. Sikuona hata uchungu.

Usikose Ijumaa.

Mumeo,
Mwalimu


Kwa binti yako,
Alhamisi, 10 Aprili

Baba watoto,

Barua yako imefika asubuhi hii, nimeisomea jikoni nimesimama. Hii yangu nitampa dereva wa basi, ataifikisha kesho mahali ambapo ningefika mimi.

Begi langu lilikuwa limefungwa. Sikufichi. Nililifunga siku ile ile nilipokuandikia ukweli, nikawaza kwamba ukijibu neno moja tu la kibinadamu nakuja, hata kwa lori la mchanga. Sikutaka mengi. Samahani ilitosha. Hata "nyumba ni kubwa bila wewe" ingetosha, ningejifanya nimesikia samahani.

Umesema kwaya inanihitaji. Umesema sauti ya pili inanihitaji. Umenielekeza nisimame wapi na niingie lini. Kwamba ulinifukuza nyumbani kwangu ili usipate aibu, hukugusia. Mama Pacha umemtumia mtu, kama anayeitwa kuja kuzibua choo. Nimeisoma tena polepole, nikasema labda nimeruka mstari. Binti aliponiona nakunja karatasi akauliza, "Mama, baba anasemaje?" Nikamwambia hajambo.

Nimelifungua begi. Binti amenipa rafu mbili kwenye kabati lake, na hakuniuliza ni mpaka lini.

Jumamosi nenda. Dawa yako ni ndogo kuliko unavyodhani: funga mdomo, ongoza kwa mikono. Wale watu wanaujua wimbo. Mngeweza kushinda miaka mingi iliyopita kama ungenyamaza, na kama mimi ningekuwa na moyo wa kukwambia unyamaze. Hapo na mimi nina langu, nitalibeba huku huku.

Watakuuliza mkeo yuko wapi. Waambie amebaki kulea mjukuu. Wakinipigia mimi nitapanda juu ya tangi niwajibu hivyo hivyo, kwa sauti ya furaha kabisa, wala hawatajua kitu.

Hilo nitakufichia. Ni la mwisho.

Mama wa binti yako